Kenya: Kifungo humalizika, rekodi hubaki

Katika nchi jirani ya Kenya, mfungwa aliyetimiza adhabu yake hutoka gerezani akiwa mtu huru. Anapoanza kutafuta riziki, hata hivyo, hukutana na kizuizi kingine: cheti cha maadili mema.

Cheti hicho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Mwombaji huchukuliwa alama za vidole, nazo hulinganishwa na kumbukumbu za polisi. Waajiri wengi, wa umma na wa binafsi, hukidai kabla ya kumwajiri mtu. Hata dereva na utingo wa matatu huhitaji cheti hicho ili wapate beji ya kazi.

Waajiri wana sababu zao. Mzazi hapendi mwanawe alelewe na mtu aliyewahi kudhuru watoto. Lakini aliyeiba kuku akiwa na miaka 19 naye huweza kufungiwa mlango akiwa na miaka 40, ingawa hajarudia kosa.

Katiba ya mwaka 2010 ni laini zaidi. Ibara ya 99 humzuia kugombea ubunge mtu ambaye bado yumo katika kifungo cha angalau miezi 6. Kipengele hicho hakimgusi aliyekwisha kumaliza chake. Hivyo, mtu anayeruhusiwa kuomba kura anaweza kukosa kazi ya kukusanya nauli.

Magereza ya Kenya hufundisha useremala na ushonaji, na baadhi ya wafungwa hufanya mitihani ya kitaifa humo humo. Ujuzi huo hupungua thamani iwapo mwenye nao hapewi nafasi ya kuutumia.

Ibara ya 133 humruhusu Rais kutoa msamaha kwa ushauri wa kamati maalumu. Hiyo ni huruma kwa anayeomba, wala si haki inayokuja yenyewe baada ya muda.

Uingereza ilichukua njia tofauti kwa sheria ya mwaka 1974. Tangu Oktoba 2023, kifungo kisichozidi mwaka 1 huhesabiwa kuwa kimepitwa na wakati miezi 12 baada ya adhabu kumalizika, iwapo mhusika hajatenda kosa jingine. Kazi nyeti, kama za kulea watoto, zina masharti yake.

Pasipo ukomo wa namna hiyo, hakimu hutaja idadi ya miaka ya kifungo, lakini miaka ya kushukiwa haina hesabu.