Mtoto Akitaka Kuacha Chuo Akacheze Mpira wa Kulipwa

"Mwanangu ameambiwa kuna mamilioni ya dola yanamsubiri. Mimi nasema amalize chuo kwanza. Baba yake anasema namzibia mtoto riziki. Nifanyeje, dada zangu?"

Maneno hayo aliyasema mama mmoja aliyekuja likizo kutoka Marekani, anakoishi na mumewe. Tulikuwa tumeketi barazani tukichambua mchele wa shughuli, mikono ikasimama. Kijana wake wa kwanza yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, na anacheza kandanda ya Kimarekani. Baadhi yetu tulikuwa na jibu tayari mdomoni: elimu kwanza! Lakini kadiri tulivyomsikiliza, ndivyo tulivyoona kwamba jambo hili si jepesi kama tulivyodhani.

Mchezo na masharti yake

Kandanda hiyo si ile ya Simba na Yanga. Mpira wake una umbo kama la yai, hubebwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu kwa sababu hugongana kwa nguvu. Vijana huanza kuucheza sekondari, kisha chuoni, halafu wachache huingia ligi ya kulipwa iitwayo NFL, yenye timu 32. Kila mwaka, mwezi wa nne, timu hizo huchagua vijana kwa zamu katika duru saba. Wanaochaguliwa ni kama 250 tu, na wanaocheza vyuoni ni maelfu kwa maelfu. Wa duru ya kwanza hulipwa mamilioni. Wa duru ya mwisho hana hakika hata ya kubaki kikosini.

Ligi haimpokei kijana mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Ndiyo maana swali hili huja mwaka wa tatu wa chuo, wakati shahada imebakiza kama mwaka mmoja tu.

Maurice Clarett wa Ohio State aliipinga sheria hiyo mahakamani. Mwaka 2004 alishinda kwanza, kisha mahakama ya rufani ikatengua hukumu. Alichaguliwa mwaka 2005, timu ikamwacha kabla ya msimu kuanza, na hakucheza hata mechi moja ya ligi. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo, akakaa gerezani hadi 2010. Hatusemi kila anayeharakisha huishia huko. Ila mama yeyote akisikia habari hiyo, moyo humwenda mbio.

Baba naye ana hoja

Tusimdharau baba wa kijana. Mwili wa mchezaji ni mtaji unaoweza kupotea kwa dakika moja. Marcus Lattimore wa South Carolina alikuwa mmoja wa wakimbiaji bora vyuoni. Mwezi wa kumi mwaka 2012 aliumia goti vibaya. Mwaka 2013 timu moja ilimchagua kwa matumaini, lakini mwaka 2014 alistaafu bila kucheza mechi yoyote ya ligi.

Tena, kubaki hakumhakikishii kijana kupanda daraja. Matt Leinart alitazamiwa kuchaguliwa miongoni mwa wa kwanza kabisa mwaka 2005. Akaamua kubaki chuoni, na mwaka uliofuata akachaguliwa wa 10. Barry Sanders, kwa upande wake, aliondoka chuoni mwaka 1989 baada ya miaka mitatu, akawa mmoja wa wachezaji wakubwa katika historia ya mchezo huo.

Mama pia ana hoja

Lakini maisha ya uwanjani ni mafupi. Chama cha wachezaji kimekuwa kikitaja wastani wa miaka mitatu na ushee. Kijana anaweza kuwa mstaafu kabla ya kufikisha miaka 26, na maisha yake yote bado yako mbele.

Andrew Luck alikuwa akitazamiwa kuchaguliwa wa kwanza mwaka 2011. Akabaki Stanford, akapata shahada katika fani ya usanifu wa majengo, na mwaka 2012 akachaguliwa wa kwanza vilevile. Mwaka 2019, akiwa na miaka 29, alistaafu kwa kuchoshwa na majeraha. Siku hiyo shahada yake ilikuwa kabatini, haikuwa na jeraha lolote.

Yuko pia Emmitt Smith. Aliondoka Florida mwaka 1990 kabla ya kumaliza, lakini alimwahidi mama yake kwamba atarudi. Alirudi wakati msimu unapokuwa umekwisha, na mwaka 1996, akiwa tayari tajiri na maarufu, akapata shahada yake. Huyo alipata vyote viwili, kwa sababu kulikuwa na ahadi, na kulikuwa na mama asiyeisahau.

Hata kwetu tunaye mfano, ingawa ni wa mpira wa kikapu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam aliondoka chuo kikuu cha Connecticut mwaka 2009 baada ya miaka mitatu, akachaguliwa wa pili katika ligi ya NBA. Mtanzania wa kwanza! Tulishangilia. Lakini hata yeye, msimu wake wa mwisho katika ligi hiyo ulikuwa 2013/14. Ni miaka mitano hivi.

Mambo yamebadilika

Zamani kijana wa chuoni alipewa ada, chakula na malazi tu, huku chuo kikivuna fedha nyingi kwa jasho lake. Tangu mwezi wa saba mwaka 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura yake katika matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji. Kwa hiyo njaa si sababu kubwa kama zamani, na wengi zaidi sasa huamua kubaki.

Tulivyomshauri

Kwanza, aulize nani anamwambia kijana habari za mamilioni. Wakala hula asilimia ya mkataba. Maneno yake yapimwe. Ligi ina jopo linalomwambia mchezaji kama anafaa duru ya kwanza, ya pili, au abaki chuoni. Jibu la jopo hilo liwekwe mezani, baba na mama walisome pamoja.

Pili, chuo kiseme kwa maandishi kama kitamlipia ada akirudi kumaliza. Akiondoka, aondoke na tarehe ya kurudi.

Tatu, na hapa mama yule aliinamisha kichwa, tumpunguzie mtoto mzigo. Alituambia kwamba huku nyumbani ndugu wameshaanza kuagiza: huyu bati, yule ada, mwingine gari la biashara. Kijana hajavaa jezi, ukoo umeshagawana mshahara! Mtoto akichagua huku akiwaza paa la bibi, si yeye aliyechagua.

Maoni yetu ni haya: jopo likisema duru ya kwanza, aende na ahadi kama ya Emmitt Smith. Likisema vinginevyo, abaki amalize.

Mama yule alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe sijawahi kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Tumebishana mimi na baba yake tu."

Usiku ule alimpigia simu. Mazungumzo yao hatukuyasikia, wala hatukuuliza. Asubuhi alikuja kumalizia mchele, akatuambia neno moja tu: kijana aliposikia swali hilo, alilia.