Matangi 1,660 ya Malargüe

Wajukuu zangu, hapo mlipoketi kuna vitu vinawapenya mwilini sasa hivi, na wala hamvihisi. Ni chembe ndogo mno zinazoshuka kutoka juu usiku na mchana. Chanzo chake ni miale ya anga za mbali, yaani viini vya atomi vinavyokuja mbio, karibu sawa na mwanga. Kiini kimoja kikigonga hewa huko juu huzaa chembe nyingine, nazo hugonga na kuzaa nyingine tena. Kikiwa na nguvu nyingi sana, chembe hizo hufika ardhini kwa mabilioni, zimetawanyika kilomita kadhaa.

Jambo hili lilibainishwa na Mfaransa Pierre Auger mwaka 1938. Alitega vipimo, kimoja huku kingine kule, navyo vikashtuka kwa pamoja hata vilipoachana mita 300. Vingeshtukaje pamoja, kama si mvua moja ya chembe iliyovinyeshea vyote?

Sasa twendeni Argentina, kwenye tambarare kavu ya Malargüe. Huko ng'ombe hula majani katikati ya matangi ya plastiki ya kunasa mvua hiyo, yapatayo 1,660, moja hadi jingine kilomita moja na nusu. Eneo zima ni kilomita za mraba 3,000. Kila tangi lina lita 12,000 za maji safi kabisa, na ndani ni giza totoro. Chembe ikiingia humo huupita mwanga mbio (naam, majini mwanga hupunguza mwendo!), na hapo huzuka mmweko hafifu wa buluu. Vifaa vinavyochungulia majini huunasa, kisha antena hupeleka habari kituoni. Umeme ni wa sola.

Tangi moja peke yake halina la kusema. Kinachotafutwa ni hiki: lipi limetangulia kushtuka? Mvua ikija mshazari, tangi hili hutangulia na jirani yake hufuata baada ya mikrosekunde chache, yaani vipande vichache vya sekunde iliyokatwa mara milioni. Kwa tofauti hiyo wanasayansi hupiga hesabu wakajua mwale ulikuja kutoka upande gani.

Na kwa nini eneo lote hilo? Miale yenye nguvu kupindukia ni adimu: kwenye kilomita moja ya mraba hushuka takriban mmoja kwa karne. Mmoja ulioonekana Utah, Marekani, mwaka 1991 ulikuwa na nguvu ya mpira wa miguu unaokwenda kilomita 55 kwa saa, zote ndani ya chembe moja!

Mwaka 2017 watafiti wa Malargüe walitangaza kwamba miale ya namna hiyo hutoka nje ya galaksi yetu. Inarushwa na nini huko, bado haijajulikana. Anayependa hesabu miongoni mwenu asiache fizikia, kazi ipo.