Fahamu: Ukikosea fomu ya kumwombea ndugu Marekani

Kwa raia wa Marekani au mwenye kadi ya kijani anayetaka kumleta mwenzi au mtoto, safari huanzia kwenye fomu I-130. Ikishapokelewa na USCIS, idara ya uhamiaji, kosa bado hurekebishika.

Jina lililokosewa herufi kwenye stakabadhi ya kupokelewa kwa fomu huripotiwa mtandaoni kwa namba ya stakabadhi hiyo. Aliyejaza fomu kwa intaneti hupakia barua ya maelezo na cheti cha kuzaliwa kwenye akaunti yake. Kosa lililopita bila kuonekana huweza kusahihishwa siku ya mahojiano. Kuanza upya kwa kosa dogo ni kulipa ada mara mbili, na pengine kurudi nyuma ya foleni, kwa kuwa tarehe ya kipaumbele, inayopanga foleni hiyo, hufuata siku ombi lilipopokelewa.

Wakimbizi wengi, Wakongo wakiwemo, wameandikiwa kuzaliwa 1 Januari kwa kukosa vyeti. Tarehe hiyo isiyo halisi nayo inaelezeka.

Kudanganya kwa makusudi ni habari nyingine. Ndoa iliyofichwa, kwa mfano, inaweza kumfungia mtu visa maisha yake yote, asipopewa msamaha maalumu.