Mwizi wa Kahawa Apewe Adhabu Gani?

Msimu wa mavuno ukifika wilayani Mbozi, Tanzania, kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja huwatamanisha wengi. Tuchukulie kijana wa Iyula, ambaye hajawahi kutiwa hatiani, amenaswa usiku na gunia la kahawa ya jirani yake. Kijiweni hukumu imeshatoka: afungwe. Mahakamani, baada ya kutiwa hatiani, linabaki swali gumu zaidi: adhabu hiyo imkute nani, na ilete nini?

Wanasheria hutaja malengo matano: kumlipiza mkosaji kwa kadiri ya kosa lake, kuwatia wengine hofu, kumtenga asiendelee kudhuru, kumrekebisha, na kumfidia aliyekosewa. Hakuna adhabu inayoyatimiza yote kwa pamoja.

Kifungo hutenga. Ndiyo maana kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha lina adhabu isiyopungua miaka 30. Kwa wizi wa kawaida Kanuni ya Adhabu inaruhusu hadi miaka 7, ingawa Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida haifungi zaidi ya miezi 12. Kijana wetu akikaa ndani miezi sita, huenda akatoka na ujuzi wa waliobobea, na jirani bado hajaiona kahawa yake.

Je, wengine wataogopa? Mwaka 1764 Cesare Beccaria wa Italia alieleza kwamba kinachomzuia mhalifu ni uhakika wa kuadhibiwa kuliko ukali wa adhabu. Anayeamini hatakamatwa hana haja ya kuhesabu miaka.

Faini humuuma mkosaji mfukoni, lakini huingia serikalini. Tena mara nyingi mlipaji ni mama yake, aliyeuza mbuzi.

Ziko njia nyingine. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mahakama, pale kifungo kinachostahili hakizidi miaka mitatu, kumpa mkosaji aliyekubali kazi za umma bila malipo, chini ya usimamizi, huku akilala kwake. Anaadhibiwa machoni pa kijiji, wala hakatiki na familia. Mahakama inaweza pia kumwachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda usiozidi miezi 12. Na inaweza kuamuru fidia, peke yake au pamoja na adhabu nyingine.

Fidia ndiyo wananchi wengi huisahau. Mwenye kahawa asiishie kusema "afungwe". Aende mahakamani na stakabadhi za mauzo yake kwenye chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS), ataje kilo na bei ya msimu huo, aombe alipwe. Mshtakiwa naye, akipewa nafasi ya shufaa, yaani kuomba apunguziwe adhabu, aeleze umri wake, wanaomtegemea, na kama yuko tayari kurudisha alichochukua. Hakimu hupima kwa yale aliyoelezwa. Asipoambiwa hasara ni kiasi gani, kinachobaki mbele yake ni kosa na miezi ya kufunga.