Mpangaji analipia cheti, nyaya ni za mwenye jengo

Mwenye duka Kariakoo anaijua hesabu ya kufungua mwaka: kodi ya fremu, leseni, mapato, ulinzi, taka. Humo humo kuna ukaguzi wa zimamoto, malipo ambayo wengi huyatoa ili wasisumbuliwe, wala si kwa sababu wanaona wanachopata. Jambo hili si dogo kwa eneo lililokwisha kuungua. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu lilishika moto. Januari 2022 ikawa zamu ya vibanda vya Mchikichini, pale Karume. Mtu aliyenunua mzigo kwa mkopo anabaki na deni hata bidhaa zikiwa majivu.

Muuza vitenge mmoja mwenye fremu ghorofa ya pili anasema hajawahi kukaidi agizo lolote. Mtungi wa unga wa kilo 6 umetundikwa ukutani, stika ya ukaguzi ipo, risiti ameihifadhi kwenye faili. Mshale wa geji uko kwenye kijani. Tatizo ni kwamba marobota yamepangwa mbele ya mtungi huo hadi usawa wa bega, na kuufikia lazima uhamishe mawili kwanza. Hilo analikubali bila ubishi: mahali pengine pa kuweka mzigo hana.

Kinachomuuma kiko darini. Nyaya za jengo, anasema, zilifungwa wakati bado watu wanaishi humo. Leo zinabeba feni, taa za maduka, majokofu ya maji, pasi za mafundi cherehani na chaja za simu za ghorofa nzima. Breka ikikata, fundi wa jengo anairudisha. Ikizidi kukata, anafunga nyingine yenye uwezo mkubwa zaidi, na waya ule ule mwembamba unaachwa uchemke. Amemfuata mwenye jengo mara kadhaa. Jibu analopewa ni kwamba asiyeridhika aondoke, wapo wanaoisubiri fremu na kilemba mkononi. Ngazi ya nyuma imegeuzwa stoo ya viatu, mlango una kufuli na ufunguo anao mlinzi. Mkaguzi alipokuja, kwa maelezo yake, aliutazama mtungi, akaandika, akateremka kwa ngazi ya mbele.

Ofisa mmoja anayehusika na ukaguzi, ambaye hakutaka kutajwa, anasema mwitikio wa wafanyabiashara unapanda mwaka hadi mwaka. Alipoulizwa anaupimaje, alitaja vyeti vilivyotolewa na fedha zilizokusanywa. Hayo ni makusanyo. Hayatuelezi ni ngazi ngapi zimefunguliwa wala nyaya za majengo mangapi zimebadilishwa, na bila hilo ni vigumu kuamini kwamba maduka ni salama kuliko zamani. Kwenye jambo moja ana haki: mkaguzi akishaondoka, mzigo unarudi koridoni, na wanaourudisha ni wafanyabiashara wenyewe.

Sheria haikukusudia mpangaji abebe yote. Ile ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wawe na njia ya kutokea moto unapozuka, na duka lenye wauzaji 2 ni mahali pa kazi kama kiwanda. Lakini anayefikiwa kirahisi ni aliyesimama nyuma ya kaunta. Mwenye jengo huonekana siku ya kodi, tena wakati mwingine kupitia dalali.

Hapo ndipo utaratibu mzima unapopwaya. Mtungi wa kilo 6 humaliza unga wake kwa chini ya nusu dakika. Unafaa kwa moto wa soketi, mchana, akiwapo mtu anayejua kuchomoa pini na kuelekeza unga kwenye shina la moto. Moto unaoanzia kwenye nyaya za darini saa 8 usiku, maduka yamefungwa kwa makufuli, hauna wa kuushikia mtungi. Ukaguzi unaoishia ukutani haujagusa hatari kubwa.

Huenda msukumo ukatoka kwa wenye fedha. Kampuni za bima na benki zikidai taarifa ya fundi umeme mwenye leseni, badala ya kuridhika na nakala ya cheti, mwenye jengo atalazimika kusikiliza. Hata hivyo wadogo wengi hawana bima, na asiye na bima hana wa kumdai taarifa hiyo. Muuza vitenge na majirani zake wamependekeza wamlipe fundi wao kisha wakate gharama kwenye kodi. Mwenye jengo hajawajibu, na mikataba yao inakwisha Desemba.