Mwalimu anapojaza karatasi juu ya mtoto

Mtoto anayepiga wenzake darasani anaonekana mara moja. Na yule anayekaa kimya, anayelia tumbo kila asubuhi ya masomo? Huyo tunamsifu kwamba ana adabu.

Ndiyo maana tunapenda karatasi aliyoitunga daktari Robert Goodman wa Uingereza, mwaka 1997. Ina sentensi 25 juu ya hofu, huzuni, hasira, kutotulia, urafiki, hata wema wa mtoto. Kwa kila moja mwalimu anachagua: si kweli, kweli kidogo, kweli kabisa. Alama za matatizo zinajumlishwa, 0 hadi 40. Za wema hazihesabiwi humo.

Alama nyingi si ugonjwa, wala si uchawi (tunajua jinsi mitaani kwetu mtoto anavyobandikwa jina hilo). Zinasema tu kwamba aangaliwe na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Lakini mwalimu hamwoni mtoto anaposhtuka usiku. Wewe unamwona, na karatasi ya mzazi ipo pia. Direkta akikuita, mama, iombe ujaze yako, kisha uulize nani ataisoma na itawekwa wapi.