Pete za mwanga: wanajuaje kuwa hii ni elektroni na ile ni muoni?



Juzi nilikuwa kafe moja hapa Vingunguti, naangalia picha za tangi kubwa la maji huko Japani. Dogo mmoja wa Kidato cha Sita akachungulia skrini yangu: "Braza, hizo chembe hakuna aliyewahi kuziona. Sasa wanajuaje hii ni elektroni na ile siyo?" Nikamjibu, "wana mashine." Jibu la hovyo kabisa. Dakika zangu zikaisha, nikaondoka na aibu yangu. Dogo, kama unasoma, jibu hili hapa.

Sisi tunaokaa karibu na uwanja wa ndege kelele tumeshazizoea. Lakini zile ndege za abiria haziifikii kasi ya sauti. Ndege ya kivita ikiipita, sauti zake zinarundikana na kutoka kwa mkupuo mmoja, mshindo unaosambaa nyuma yake kwa umbo la koni.

Mwanga nao una mambo hayo. Penye utupu hakuna kinachoupita, kilomita 300,000 kwa sekunde. Ndani ya maji unapungua hadi kama 225,000, na hapo chembe yenye chaji inaweza kuupita! Ikiupita, inaacha koni ya mwanga wa bluu. Pavel Cherenkov, Mrusi, aliugundua mwanga huo mwaka 1934, akapata Nobel 1958 pamoja na Frank na Tamm. Koni ikigonga ukuta, inachora pete.

Sasa utamu wenyewe. Chembe ikizidi kasi, koni inapanuka, kwa hiyo ukiipima pete umepata kasi. Kule CERN, kwenye mtambo wa LHCb, kuna pia sumaku inayopinda njia ya chembe, na kiasi cha kupinda kinakupa uzito na kasi vikiwa vimezidishwa pamoja. Kasi unayo tayari, piga hesabu, uzito huo hapo. Ni kama kutofautisha bodaboda na lori gizani. Pioni na kaoni zinatenganishwa hivyo hivyo.

Lile tangi nililokuwa naliangalia halina sumaku. Linaitwa Super-Kamiokande, lilianza kazi 1996, mita 1,000 chini ya mlima, tani 50,000 za maji. Ukutani kuna balbu za kioo zaidi ya 11,000, ila hizi hazitoi mwanga, zinaunasa. Wanasubiri nyutrino, chembe isiyo na chaji inayopita karibu kila kitu bila kugusa. Mara chache sana moja inagonga maji na kurusha elektroni au muoni. Elektroni ni nyepesi, inayumba na kuzaa nyingine njiani, pete yake inatoka na ukungu pembeni, kama muhuri uliotikisika. Muoni ni nzito mara 200 hivi, inanyoosha, na pete yake ina kingo kali. (Muoni zinazotoka angani zinatoboa hata bati la kafe, kiganjani mwako inapita kama moja kila sekunde.)

Kwa kuhesabu pete hizo, mwaka 1998 Takaaki Kajita na wenzake walionyesha kuwa nyutrino za aina ya muoni zinazotokea chini, zikiwa zimepita katikati ya dunia, ni kama nusu tu ya zinazotoka juu. Zilikuwa zinabadilika aina njiani, maana yake zina uzito. Kajita akapata Nobel 2015 pamoja na Arthur McDonald wa Kanada. Wangechanganya pete hizo mbili, hesabu yote ingekuwa hewa.

Kuna kingine kinaniuma. Februari 23, 1987, tangi lililotangulia, Kamiokande, lilinasa nyutrino 11 ndani ya sekunde 13 kutoka kwenye nyota iliyolipuka umbali wa miaka ya mwanga zaidi ya 160,000. Sehemu ile ya anga haionekani Japani hata siku moja, nyutrino ziliwafikia kwa kuipenya dunia kutoka chini. Ila hapa Dar inaonekana! Nyota ile ilikuwa ya kuonwa kwa macho tu, jioni, chini chini upande wa kusini.

Mwenye mzee aliyekuwa Dar kati ya Machi na Mei 1987 amuulize kama aliiona, atumwagie hapo chini.